Siku nne kisiwa cha Juani, Mafia, na familia, bila hoteli: maji ya kunywa, mwezi na mashua nipangeje?

BabaWawili

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulala kule, hata usiku mmoja.

Mfanyakazi mwenzangu ni mtu wa Mafia. Shangazi yake anaishi kisiwa cha Juani, ana nyumba ya mawe iliyoezekwa makuti, na vyumba viwili viko wazi tangu wanawe wahamie Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Ametukaribisha tukakae usiku nne. Tutakuwa watano: mimi, mke wangu, mabinti wawili (miaka 12 na 9), na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Hoteli hatutaki. Uwezo mkubwa hatuna, na hata ningekuwa nao, nataka watoto walale mahali ambapo usiku ni giza kweli na sauti ni ya bahari. Wamezaliwa Kimara, bahari wanaijua ya Coco tu, siku ya sikukuu, katikati ya umati.

Likizo za shule ni Juni na Desemba, nichague ipi? Mwenzangu anasema kisima kipo lakini maji "yana ladha", sasa sijui nibebe maji kiasi gani. Kingine kinachoninyima usingizi ni mama: hakuna gati, mnashuka kwenye mashua majini. Atashukaje? Na binti mkubwa amesoma habari za kasa, anataka kuona vitoto vya kasa vikikimbilia baharini. Nimemjibu tutaona.

MsafiriMwepesi

Mkuu, na mzee wa magoti ningekaa Utende tu, ng'ambo ya Juani kwenye kisiwa kikubwa. Kuna malazi ya bei mbalimbali, mnavuka asubuhi mnatembea, jioni mnarudi kuoga maji ya bomba. Kulala kisiwani na familia ni kujitesa.

MwalimuWaKisiwani

Kaka, usiache kwenda. Ndugu aliyenitangulia amesema kwa nia njema, lakini mchana wa Juani na usiku wa Juani ni vitu viwili mbali kabisa, na anayerudi Utende jioni huwa amekiona nusu.

Mimi nilipelekwa kule kikazi nikiwa na miaka 25, mtu wa Morogoro ambaye hata mtumbwi nilikuwa sijaupanda. Nikakaa miaka minne. Niliondoka zamani, ila nikipata likizo ndefu narudi kwa mama aliyenipokea, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Kwanza uelewe kisiwa chenyewe ni nini. Ni jiwe. Ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu baada ya bahari kushuka, na udongo uliopo ni ule uliojikusanya mashimoni. Jiwe lenyewe lina matundu kama sifongo, mvua ikinyesha hakuna mto wala dimbwi, maji yanazama palepale. Huko chini yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, tabaka jembamba. Kisima cha shangazi kinachota kwenye tabaka hilo.

Wiki yangu ya kwanza sikulijua hilo. Asubuhi nilikwenda kuteka, kamba ikawa fupi, ndoo haikugusa maji. Jioni nikarudi na kamba ileile, maji yako karibu, nikadhani kuna mtu amejaza. Kumbe kisima kinapanda na kushuka pamoja na bahari. Nikafurahi, nikateka ndoo tano mfululizo kwa nguvu nikaanza kufua mashuka, na sabuni ikagoma kutoa povu. Mama mwenye nyumba akaja polepole, akachovya kidole kwenye ndoo ya kwanza akaonja, akachovya kwenye ya tano akaonja, kisha akanisogezea zote mbili nionje mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa na chumvi kwa mbali. Ya tano ilikuwa bahari. Hakunikemea. Aliniambia tu, "Kisima kimechoka mwanangu, kiache kilale." Siku ile majirani wawili walikuja kuteka wakaondoka na ndoo tupu kwa sababu yangu, na sijasahau.

Basi maji ya kunywa njooni nayo. Watu watano, lita tatu kwa mtu kwa siku, siku nne, ni lita 60. Ongeza za chai, wali na akiba ya siku moja endapo mashua haitatoka. Beba madumu matano ya lita 20, myajaze Kilindoni, msisubiri Utende. Kisima kitumieni kuogea na kuosha vyombo, nusu ndoo kwa mtu inatosha ukitumia kopo, na tekeni asubuhi kidogo na jioni kidogo. Watoto wa mjini wakiambiwa sababu wanaelewa haraka kuliko watu wazima.

Sasa Juni au Desemba. Nenda Desemba. Juni ni kusi, na kusi la Juni na Julai ndilo lenye nguvu. Ndani ya ghuba ya Chole huwezi kulisikia sana kwa sababu Juani, Chole na Jibondo vinaikinga na bahari kuu, lakini kutoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, hadi Kilindoni utalisikia, na mama yako atalisikia zaidi. Desemba kaskazi inaanza kushika. Jua kali, ndiyo, na manyunyu ya mwisho ya vuli yanaweza kuwakuta, lakini bahari ni ya watu.

Kuhusu kasa, mwambie binti ukweli mapema. Kasa uwanda wanataga upande wa Juani unaotazama bahari kuu, na vitoto huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Desemba usimwahidi. Mpe ahadi nyingine: kuanzia Oktoba hadi Machi potwe wanakuja karibu kabisa na Kilindoni, wale papa wakubwa wenye madoa ambao wengine mnawaita papa shilingi. Wanakula vijidudu vya majini, hawana habari na mtu. Wengi wanaoonekana Mafia bado wachanga, na hata huyo mchanga anaweza kuwa mrefu kuliko mashua mtakayopanda. Mwambie kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa, ndivyo watafiti wanavyowatambua, kama sisi na alama za vidole. Utaona kama atauliza tena habari za kasa.

La mama sasa, na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Usichague siku kwa kalenda ya ofisini kwako. Chagua kwa mwezi.

Pwani yetu mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na yanakupwa karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Hayo ni maji ya bamvua, yanajaa sana na kutoka sana. Kila siku inayofuata yanachelewa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu saa nne na kukupwa karibu saa kumi, ila ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi juu. Ukishika hayo huhitaji jedwali. Wazee wa kule wanakuambia saa ya kupwa kwa kutaja tarehe ya mwezi tu.

Weka basi safari yako namna hii. Mfike Kilindoni mwezi 14, yaani siku ya 14 tangu mwezi uandame, mlale huko au Utende. Kesho yake, mwezi 15, mtoke Utende saa tisa alasiri maji yakiwa yanapanda. Mtafika Juani yamejaa, mashua itasogea hadi mchangani na mama atashuka hatua mbili tatu, maji ya magotini, ameshikwa mikono. Mkienda siku hiyohiyo saa nne asubuhi, mashua itasimama mbali na mama atatembea juu ya mawe yenye utelezi na nyasi za baharini. Hapo ndipo watu wanavunjika. Kurudi itakuwa mwezi 19. Maji ya saa kumi alfajiri yatakuwa yamesogea mara nne, yaani yanajaa kama saa moja na dakika 20 asubuhi. Mnaondoka saa moja, jua halijachoma. Na katikati hapo, mwezi 16, 17 na 18, maji yanakupwa kati ya saa tano kasorobo na saa sita u nusu mchana, muda wa kutembea mwambani na watoto, halafu alasiri yanarudi, wanaogelea.

Pitieni ofisi ya Hifadhi ya Bahari pale Utende. Visiwa hivyo viko ndani ya hifadhi tangu 1995 na kila mgeni analipa kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mtu wa nje. Beba vitambulisho na utunze risiti.

BabaWawili

Dada, Mungu akubariki. Nimemsomea mama yote hayo. Nilipofika pa kisima ameniambia nirudie.

Jirani yangu ana kalenda ya Kiislamu ukutani, nimehesabu, mwezi 15 unaangukia ndani ya likizo yangu. Nimeomba ruhusa ofisini kwa tarehe hizo.

Nina mawili zaidi. Mashua nitaijuaje kuwa ni nzuri? Mimi si mtu wa bahari, mtu akiniambia panda nitapanda. Na watoto mwambani wavae nini? Wamezoea ndala.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, la mashua nijibu mimi, maana nimeshika usukani miaka mingi kati ya Mafia na Kilwa.

Chombo kitazame kikiwa kimeshapakiwa, siyo kikiwa kitupu. Ubao wa juu ukikaribia maji hadi mtoto anaweza kuchovya mkono akiwa ameketi, shuka. Usione haya, shuka na watu wako. Tazama ngama, maji yaliyoingia ndani: mashua ya mbao lazima ivuje kidogo, lakini kama kuna mtu anaikomba kwa upo bila kupumzika kabla hamjang'oa nanga, subiri chombo kingine. Uliza jaketi za kuokolea, uone ziko ngapi, na mabinti wavae wakiwa bado pwani. Mnunulie mdogo ya kwake kama unaweza, za watu wazima zinamvuka kichwani.

Mama akae chini katikati, karibu na mlingoti, pale chombo kinapocheza kidogo. Asiwekwe omoni, mbele kabisa, huko ndiko kunakorusha maji. Mizigo mizito, na hayo madumu ya maji, ilazwe chini na ifungwe.

Asubuhi huwa kuna umande, upepo mwepesi wa kutoka bara. Mchana upepo wa baharini unapanda. Mwalimu amekupangia kuvuka saa tisa, ni sawa kwa ghuba ile, imekingwa. Ila muulize nahodha wa siku hiyo, siyo sisi tuliokaa nchi kavu. Akikuambia leo hatutoki, usimwongezee pesa. Nahodha anayekubali kwa kuongezewa pesa ndiye wa kumwogopa.

Na giza likiingia msivuke. Mwamba hauonekani usiku.

MwalimuWaKisiwani

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kutomwongezea nahodha pesa ningeliandika langoni kila bandari. Sisi walimu watatu tuliwahi kumshikilia kijana wa watu, tumechelewa kunywa chai, maji yanakupwa, tukamwambia tutamwongezea tu twende. Akakubali kwa sababu ana mke na watoto. Hatukufika mbali, tukasikia mashua inakwaruza chini, akaruka na pondo akasukuma weee, ikakaa. Tulikaa juu ya mwamba ule kuanzia saa tatu hadi baada ya saa saba, jua la utosini, chupa moja ya maji watu wanne, na ubao mmoja wa chini ukaachia. Ubao ule ulikuwa chakula chake. Tulichanga akautengeneza, lakini wiki nzima hakwenda baharini.

Kaka, kuhusu miguu: ndala hapana kabisa. Raba nzee za kufunga kamba, zenye soli ngumu, kila mtu na zake, za kuingia nazo majini. Kuna viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, wanakaa kwenye mashimo ya mwamba na chini ya nyasi, na miiba yao ikiingia inakatikia ndani. Mtoto wa mwalimu mwenzangu alikanyaga mmoja akiwa na ndala, soli ikapenya kama karatasi. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, analia bila sauti, jambo ambalo ni baya kuliko kelele. Mama mwenye nyumba aliweka maji ya moto kwenye karai, akatia mkono wake kwanza kupima, ndipo akauzamisha mguu. Baada ya nusu saa mtoto akaanza kuongea. Miiba iliyokuwa inaonekana tukaitoa kwa kibano, iliyozama tukaiacha, hatukuchimba kwa sindano, akapelekwa hospitali Kilindoni maji yalipojaa.

Tangu hapo siendi mwambani bila chupa ya chai iliyojaa maji ya moto kuachwa tayari nyumbani. Joto linatuliza sumu ya viumbe wengi wa kule: taa mwenye mwiba mkiani, na yule samaki anayefanana na jiwe ambaye hata wenyeji hawamwoni. Yawe ya moto kiasi ambacho mkono wa mtu mzima asiyeumia unavumilia, yasiunguze, na mguu ukae humo hadi maumivu yapoe. Lakini huyo wa jiwe, baada ya maji moto ni hospitali moja kwa moja. Kwenye mchanga wenye maji wafundishe kuburuza miguu bila kuinyanyua, taa akisikia anaondoka mwenyewe. Na konokono wenye magamba mazuri ya umbo la koni wasiokotwe, wapo wanaochoma na kuua.

Tembeeni penye mchanga, katikati ya mawe, msikanyage matumbawe yaliyo hai. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yaligeuka meupe yakafa, na wavuvi wa umri wa mama yako wanakumbuka mwamba ukiwa kama umemwagiwa chokaa. Yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Mwonyeshe binti mkubwa moja la ukubwa wa sufuria ya wali, umwambie hilo limemzidi umri.

Asubuhi ya kupwa mtawaona akina mama wakienda kuchokoa pweza, kanga zimefungwa kiunoni, fimbo mkononi. Mkeo na mabinti waombe kwenda nao. Wasitangulie mbele, wakae nyuma yao na waweke miguu pale wao wanapoweka. Mimi nilikwenda mwaka mzima kabla sijamwona pweza hata mmoja kwa macho yangu mwenyewe. Yule mama alikuwa ananionyesha shimo, naona jiwe. Ananionyesha tena, jiwe. Siku moja maji yalikuwa yametulia, nikaona mlangoni mwa shimo pamefagiliwa, kuna vigamba vya kaa vimetupwa nje kama uchafu wa jikoni, na ndani jiwe linapumua.

Mambo ya nyumbani nipite haraka. Choo kule hakichimbwi kirefu, ni jiwe, na kinachoingia chini hakiendi mbali na kisima, kwa hiyo hakuna kumwaga dawa za kufanyia usafi, wala kutupa pedi humo. Betri, chupa za plastiki na takataka zote zisizooza rudini nazo. Mifuko ya plastiki acheni Dar, ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, bebeni vikapu. Chandarua kila kitanda. Juani ni kijiji cha Waislamu, mavazi ya kuogelea yaishie pwani na kanga juu, na pombe isivuke. Dhidi ya jua shati la mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya kujipaka, baadhi yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Zawadi: mchele, sukari, sabuni ya mche, majani ya chai. Samaki mtakula wa kule. Pesa ya kumshukuru shangazi mpe mke wako ampe faragha, siku ya kuondoka, siyo mbele ya watu.

Mchana mmoja mwende magofu ya Kua, yako kisiwa hichohicho. Ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti na jumba kubwa, hadi mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walipokuja na mitumbwi wakauvunja na kuchukua watu. Sasa mibuyu imekaa vyumbani. Vigae vya vyungu viko chini kila mahali, acheni vilale hapo. Kutembea ni kwingi na mawe ni makali, mama abaki na shangazi, watakuwa na yao ya kuzungumza. Mama mpelekeni Chole alasiri maji yakijaa, akaone popo, mrudi kabla ya giza. Ni popo wakubwa wa matunda, jamii inayopatikana Comoro na huku Mafia tu, mbawa zikinyooshwa zinapita mita moja. Mchana wananing'inia mitini kama nguo zilizoanikwa, magharibi wanaondoka wote. Ataketi kwenye kiti atazame juu, hakuna kupanda popote.

BabaWawili

Mzee nahodha, shikamoo na asante. Nimemnunulia mdogo jaketi yake leo Kariakoo, amelala ameivaa.

Mwalimu, nimemwambia binti mkubwa kuhusu kasa. Alinyamaza kidogo, akauliza potwe ana meno. Nimeahidi kutafuta jibu. Mama amesema kiti atabeba chake, cha kukunja, na kwamba mwezi 15 saa tisa atakuwa Utende hata kama sisi hatupo.

Sasa kitu kimoja kinanisumbua. Tukiwa watu watano tunateka kisima cha watu, hatutakuwa mzigo kwao?

MwalimuWaKisiwani

Potwe meno anayo, mengi sana na madogo kama punje, lakini hayatumii kutafunia. Anachuja.

Kuhusu kisima, mkiteka kwa utaratibu niliokueleza hamtakuwa mzigo. Mpe binti mkubwa kazi. Siku ya kwanza asubuhi ashushe ndoo taratibu hadi iguse maji, afunge uzi mwekundu kwenye kamba pale inapokutana na ukingo wa kisima. Jioni arudie kwa uzi wa rangi nyingine. Afanye hivyo siku zote nne na aandike daftarini saa na tarehe ya mwezi. Na kila akiteka aonje ndoo ya kwanza na ya mwisho. Ikianza kubadilika awaambie wote mwache, hata kama baba yake ndiye anayesubiri kuoga.

Mama wa kule alinifundisha hivyo, tena alinipa uzi wa kanga yake mwenyewe.